Kocha ulikuwa wapi?

Mpaka leo kuna watu pale bandani hawasalimiani vizuri kwa sababu ya ile mechi ya Grimsby, na wala hawagombanii matokeo, matokeo kila mtu aliyaona, wanagombania kocha alikuwa amekaaje.

Kwa ambao mlikuwa mmelala, na mlifanya la maana kulala, ilikuwa hivi. Jumatano ya tarehe 27 Agosti 2025, Kombe la Carabao, lile kombe la ligi la England, raundi ya pili, Manchester United tumeenda kwa Grimsby Town, timu ya daraja la nne, uwanja wao unaitwa Blundell Park na hata haupo Grimsby kwenyewe, upo mji wa jirani unaoitwa Cleethorpes, mashabiki wao wanaingia uwanjani na masamaki ya plastiki ya kujaza upepo. Saa nne usiku ya kwetu mpira ukaanza. Dakika ya 22 tumeshapigwa moja, dakika ya 30 mbili, golini yupo Onana, sitaki kuongeza neno hapo. Bandani kimya, mashabiki wa Arsenal wawili waliokuja kutucheka tu wameanza kuagiza soda kabisa kama wako harusini.

Kamera ikamtafuta kocha. Ruben Amorim, kocha wetu wa wakati ule, yupo ndani ya kile kibanda cha benchi, nje mvua inanyesha, mkononi ana kibao chenye vile vidude vya sumaku, anavisogeza kimoja kimoja kama mzee anayecheza bao peke yake. Banda zima likalipuka kwa kicheko, hata sisi wenyewe, maana ukishafungwa mbili na daraja la nne unafanyaje.

Kipindi cha pili tukarudisha, Mbeumo dakika ya 75, Maguire dakika ya 89, watu tukapata sauti. Kombe hili hatua hiyo hakuna muda wa nyongeza, mkitoka sare mnaenda matuta, yaani kupigiana penalti, moja kwa moja. Na matuta yenyewe hayakuwa ya kawaida, kila timu ilipiga 13, yaani wachezaji wote uwanjani walipiga mpaka wakaanza kurudia, Cunha alipata nafasi ya kumaliza kazi kwenye ule wa tano, kipa wao akapangua, mwishoni Mbeumo karudi kupiga mara ya pili mpira ukagonga mtambaa panya. Grimsby 12, United 11. Na katikati ya hayo yote kamera ilikuwa inarudi kwa kocha, na kocha amejikunja huko ndani ya benchi, haangalii.

Hapo ndo fundi friji akasimama akauliza kwa sauti, "Sasa huyo ni kocha au ni abiria?"

Dogo mmoja wa bodaboda, naye Manchester damu, akamjibu bila kugeuka, "Kwa hiyo mzee akisimama yeye ndo penalti inaingia?"

Vita ikaanzia hapo, na usiku ule ilikuwa imeshapita saa sita, mwenye banda anazima taa watu bado wanabishana barabarani.

Banda letu kwanza nilieleze kidogo. Ni la mabati, kiingilio mia tano, mechi kubwa buku, benchi za mbao ambazo ukikaa dakika tisini unajua kwa nini linaitwa kibanda umiza, feni moja na inawageukia walioko mbele tu. Kuna wanaokuja kuangalia mpira na kuna wanaokuja kuangalia mkeka wao wa kubeti, hawa wa pili unawajua kwa sababu wanashangilia kona. Mimi naitwa Kocha humo ndani, jina la zamani, nitafika huko. Naishangilia hii timu tangu ile fainali ya 1999 pale Barcelona, nilikuwa shule ya msingi, Sheringham na Solskjaer dakika za majeruhi, Bayern wamelala chini wanalia, na nadhani ule usiku ulituharibu wengi wetu, tuliamini hivyo ndivyo mpira unavyokuwaga.

Sasa jambo ambalo nilikuwa nalifikiria baadaye, wiki ya mapumziko ya timu za taifa, maana hapakuwa na mechi ya klabu ya kuangalia, ni kwamba sisi huku klabu yenyewe hatuijui. Hatujui mazoezini wanafanya nini, hatumjui mpishi, hatujui nani ananuniana na nani kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Tunachokipata ni sekunde tano tano za kamera kwenye uso wa kocha. Basi tunausoma ule uso kama watu wanavyosoma mawingu ya masika. Kasimama, anajali. Kakaa, amekata tamaa. Kachuchumaa, anaomba Mungu. Kameza mate, leo tunafungwa.

Na tumeshasoma wengi. Ferguson alikuwa anakaa, tena anakaa kweli, anatafuna jojo mpaka unaona taya linamuuma yeye, akiinuka ni kuja kumwonyesha mwamuzi saa. Mataji 13 ya ligi mpaka anastaafu 2013, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kusema mzee hafanyi kazi kwa sababu amekaa. Angekuwa wa 15 kwenye ligi tungesema amesinzia. Van Gaal naye alikuwa mtu wa kukaa na faili lake la kuandikia, tukawa tunamwita karani, mpaka siku ile ya Februari 2016 dhidi ya Arsenal alipotoka kwenye kiti akaenda kujiangusha chini mbele ya mwamuzi wa akiba kumwonyesha jinsi mchezaji wa Arsenal alivyojirusha, mzee wa miaka 64 na suti yake, puuh, nyasini. Tulishinda tatu kwa mbili siku ile, Rashford mtoto kabisa akafunga mawili, basi kujiangusha kukawa ni ushujaa. Mourinho alipiga teke chupa ya maji tukicheza na West Ham akatolewa nje, miaka miwili baadaye tukawafunga Young Boys dakika za mwisho kabisa akabamiza kreti zima la chupa chini, tukasema jamani huyu ndo ana uchungu na timu. Haukupita hata mwezi akafukuzwa. Uchungu alikuwa nao lakini pointi hana. Solskjaer alitabasamu, tukasema mpole sana. Ten Hag uso ulikuwa ule ule, kafunga kafungwa, tukasema huyu ni mashine, Mei 2024 akatupa Kombe la FA kwa kuwafunga City, Oktoba akaondoka.

Kwa hiyo fundi friji akisema kocha mzuri ni yule anayesimama na kupiga kelele, mimi namuuliza, yupi? Wamesimama wangapi tumewaona?

Ila fundi friji sio mjinga, na hapa lazima niwe mkweli. Siku mbili baada ya Grimsby nilimkuta pale kijiweni kwa muuza kahawa, anamweleza yule dogo wa bodaboda kwa nini Amorim atafeli, na mtu aliyemcheka Amorim kwa kibao chake alikuwa ameshapanga vizibo vya soda juu ya benchi, vya Fanta ni United, vya Coca ni wapinzani. "Angalia," anasema, "mabeki watatu hawa hapa. Hawa wawili wa pembeni wanapanda na kushuka, sawa? Katikati umebaki na watu wawili. Wawili! Casemiro na Bruno. Mwenzako anakuja na watatu." Akasukuma vizibo vitatu vya Coca katikati. "Hapo unafanyaje? Hawa wa pembeni wakirudi kusaidia, mabeki wanakuwa watano, mbele huna mtu. Wasiporudi, kati unapigwa mpira mpaka unaona kizunguzungu. Na Bruno ambaye ndo anajua kutoa pasi ya bao umemrudisha nyuma akakabe." Dogo akaangalia vile vizibo muda mrefu, akasogeza kimoja cha Fanta mbele kidogo, akasema, "Huyu akija hapa je?" Fundi akamwambia, "Akija hapo, pale anabaki nani?" Wakakaa pale nusu saa, bodaboda imepaki, wateja wanapita, wanacheza sumaku zao wawili.

Nikawaambia mnafanana na Amorim nyie, wakanitukana kwa pamoja, mara ya kwanza wiki ile kukubaliana kitu.

Na mfumo huo sio kwamba aliuokota jalalani. Kwa mfumo huo huo aliipa Sporting ubingwa wa Ureno 2021 baada ya miaka 19 ya ukame, akarudia 2024, na siku chache kabla ya kuja kwetu Novemba 2024 aliwapiga Man City nne kwa moja kule Lisbon, nakumbuka tulivyoshangilia kama vile ameshakuwa wetu. Mechi yake ya kwanza kwetu, Ipswich, Rashford alifunga hata dakika mbili hazijaisha, mimi nikamwambia mke wangu tumepona. Ikaisha moja moja. Na msimu ukaisha tuko nafasi ya 15, pointi 42, haijawahi kutokea tangu ligi iitwe Premier, na fainali ya Europa kule Bilbao tukafungwa moja bila na Tottenham ambao wenyewe walimaliza wa 17. Fikiria hiyo, fainali ya Ulaya kati ya wa 15 na wa 17. Yeye mwenyewe Januari 2025 baada ya Brighton kutufunga tatu kwetu alisema pengine sisi ni timu mbovu kuliko zote kwenye historia ya klabu, na bandani nusu walimsifu kwa ukweli, nusu wakasema baba hatangazi mbele za wageni kwamba nyumbani hakuna unga.

Kiangazi cha 2025 wakamnunulia washambuliaji watatu, Cunha, Mbeumo na Sesko, karibu pauni milioni 200. Haya, mechi ya kwanza Arsenal wametufunga moja nyumbani, ya pili Fulham sare huku Bruno kapaisha penalti, ya tatu ndo hiyo ya masamaki ya plastiki.

Sasa nirudi kwenye jina langu.

Mwaka 2017 nilikuwa kocha wa timu yetu ya mtaa. Sikuchaguliwa kwa ujuzi, goti lilikuwa limekufa na jezi nilikuwa nimenunua mimi, kwa hiyo kisheria timu ilikuwa yangu. Tulicheza ndondo kwenye kiwanja cha shule ya msingi, kile ambacho upande mmoja kina mteremko na upande mwingine kuna mkorosho mkubwa karibu kabisa na mstari. Nilikuwa mtu wa kupiga kelele mimi, nasimama dakika zote, nakimbia na winga pembeni, nikitoka hapo sauti imekauka siku mbili. Watu wa mtaani walinipenda kwa hilo, wanasema Kocha ana moto.

Siku moja baada ya mechi winga wetu wa kushoto akaniambia kwa heshima kabisa, "Kaka samahani, mimi pale uwanjani huwa nakusikia unaita jina langu tu. Sasa sijui unataka nipande au nirudi." Msimu mzima! Msimu mzima nimeharibu koo langu na kilichokuwa kinafika ni jina lake. Na hapo ni kiwanja cha shule, watazamaji mia mbili na ngoma moja. Nenda kafikirie Old Trafford na watu elfu sabini na nne. Tangu siku hiyo nikiona kocha kwenye tivii anapunga mikono kama anafukuza kunguru najua nusu yake ni kwa ajili yetu sisi, sio kwa ajili ya winga.

Kwa hiyo kwenye kukaa na kusimama mimi nipo upande wa dogo wa bodaboda. Akae, achuchumae, alale chali akitaka, kazi ya kocha nyingi imeshafanyika kabla mwamuzi hajapuliza.

Ila matuta ni kitu kingine, na hili sijawahi kulisema bandani.

Mwaka huo huo tulifika fainali, zawadi mbuzi na mpira mmoja, ikaisha bila bila tukaenda matuta. Nikapanga wapigaji vizuri, nikawapiga mabega, halafu ilipoanza miguu ikakataa. Nikarudi nyuma taratibu, nikazunguka ule mkorosho, nikasimama upande wa pili uso nimeuelekeza kwenye gome, kulikuwa na sisimizi wanapanda na ndo nilikuwa nawaangalia wao. Nasikia tu kelele, naanza kuhesabu kwa masikio, hii yetu, hii yao. Wa mwisho kwetu alikuwa kijana wa miaka 17, mtoto wa jirani, beki mzuri sana. Nikasikia "aaah" ile ndefu, na ngoma ya wenzetu ikaanza.

Jioni wakati tunakusanya jezi akanijia, hajalia wala nini, akaniuliza tu, "Kocha ulikuwa wapi? Kabla sijapiga niliangalia pale unaposimamaga."

Nikamwambia nilienda kukojoa.

Ndo maana usiku wa Grimsby wakati banda linawaka na fundi friji ananigeukia, "Kocha, wewe uliyefundisha, hebu mwambie huyu dogo," mimi nilijifanya natafuta kandambili yangu chini ya benchi. Ningesema nini? Mpigaji anatoka katikati ya uwanja mpaka kwenye nukta peke yake, ndo mwendo mrefu kuliko wote kwenye mpira, na watu wengine hawaangalii popote, na wengine wanatupa jicho benchi mara moja tu, na huwezi kujua ni yupi. Kwetu walitembea mara 13 usiku ule, Mbeumo peke yake mara mbili. Sesko, mshambuliaji wa pauni milioni sabini na kitu, alisubiri mpaka penalti ya 10. Hao ni matajiri, hawahitaji baba, dogo alisema hivyo na sina jibu la kumpa, pengine hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Lakini yule mtoto wa jirani aligeuza.

Simchukii Amorim, nadhani hilo linanisumbua zaidi. Fundi friji anamchukia na analala vizuri. Mimi nilimwona pale amejikunja nikamjua kabisa, nikaujua ule mgongo. Baada ya mechi aliwaomba radhi mashabiki, na siku mbili mbele akawaambia waandishi kwamba kuna siku anataka kuacha kazi na kuna siku anataka kukaa miaka 20, watu mtandaoni wakamla nyama, oh hajakomaa, oh hawezi presha. Mimi nikasema huyu walau hakudanganya kwamba alienda kukojoa.

Je, alitakiwa aondoke? Wakati ule mngenibana ningesema mfumo ule ukiendelea hivi hivi Krismasi ni mbali, vizibo vya fundi friji havidanganyi, wawili hawawezi watatu. Hata Ferguson akitafuna jojo pakiti nzima. Ila ningesema akiondoka aondoke kwa ajili ya katikati ya uwanja, sio kwa ajili ya picha ya sekunde tano.

Haya, Jumamosi iliyofuata, tarehe 30, Burnley, Old Trafford, saa kumi na moja jioni. Banda limejaa hadi mlangoni, wengine wamekuja mapema kuwahi nafasi ya fainali ya CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Morocco na Madagascar kule Kasarani, mwenye banda ameleta tivii ya pili ndogo kaiweka juu ya ndoo. Tunaongoza, wanarudisha, tunaongoza, wanarudisha. Mbili mbili. Dakika za nyongeza zinakatika, Amad anavutwa jezi, mwamuzi anaitwa kwenye VAR, yale marudio ya video, anakwenda kuangalia, anarudi, penalti. Bruno anachukua mpira. Bruno huyo huyo wa Fulham wiki moja nyuma.

Nikamwambia dogo wa bodaboda nishikie nafasi.

Nje mama wa chipsi anageuza mayai, hata hakuinua macho, akasema, "Shemeji, wewe penalti zote unakujaga kununua mishikaki." Nikamwambia weka miwili, weka na kachumbari. Mafuta yanachemka, redio ya duka la jirani inaimba kaswida, mimi naangalia makaa. Halafu mabati ya banda yakatetemeka kwa kelele mpaka paka akatoka mbio chini ya meza, na mama akaniambia, "Wameshinda hao, chukua chakula chako."

Nikaingia, watu wanarukaruka juu ya benchi, fundi friji kamkumbatia dogo, wale wale. Nikajipenyeza na mishikaki yangu, nikamshika dogo bega nikamuuliza kwa sauti, maana hapasikiki, "Kocha alikuwa anaangalia?"

Akanitazama, akatazama mishikaki.

"Kocha yupi?"